Ekari moja na nusu ya Kiguunda

Bandugu na badada wa lisansi, zaidi sana ninyi mnaohesabu siku zilizobaki kwenye kontra, tafuteni tamthilia moja ya nyimbo: Nitaolewa Nikipenda. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliiandika kwa Kikuyu, na ilichezwa mara ya kwanza Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru kule Kenya, tarehe 2/10/1977. Waliocheza ni watu wa kijiji: wakulima, wasio na kazi, na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata kilicho jirani. Mwezi wa 11 serikali ikaondoa ruhusa. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akafungwa bila kesi.

Wengi wanaisifu kwa sababu ya kifungo hicho. Mimi naisifu kwa sababu ya ekari moja na nusu.

Kiguunda njo mwenye ekari hizo, na hati yake ameitundika ukutani. Sasa watu wa agronomia tupige hesabu: ni kama hektari 0.6. Hapo hautoi chakula cha mwaka mzima, pesa ya masomo na ya dawa. Kwa hiyo anaenda kufanya kazi kwa tajiri Kĩoi. Na kwa kuwa nyumbani ana kashamba ka kujazia sufuria, Kĩoi anaweza kumlipa kidogo bila yeye kufa njaa. Yaani shamba la mfanyakazi njo linamsaidia patrone! Sijafuata kozi ya uchumi wa kilimo iliyonionyesha jambo hili wazi namna hii.

Kĩoi na wenzake wanataka ardhi ile kwa kiwanda cha dawa za wadudu cha wageni. Hawaipokonyi kwa nguvu. Kiguunda na mke wake wanaingizwa tamaa ya ndoa ya kanisani, wanakopa benki, hati inawekwa dhamana. Nyimbo za harusi zinapanda na mwili wako unataka kucheza, kumbe mtego unafungwa. Siku anagombana na Kĩoi, kazi inaisha, benki inadai, shamba linauzwa.

Kwetu tulikuwa na namna yetu. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, pesa zikitoka Benki ya Dunia. Hiari gani, na miezi mingi bila mshahara? Lakini wazee wetu hawakuwa hata na hati ukutani. Nyumba ya kampuni, unga wa kampuni, hospitali ya kampuni. Kiguunda alipoteza kazi, kisha udongo. Wao walipoteza kazi, kisha wakaenda kuutafuta udongo wakiwa wamezeeka.

Kinachonichosha ni mwisho. Gĩcaamba, jirani mfanyakazi wa kiwandani, anahubiri muda mrefu, halafu wote wanaimba umoja. Nilimwamini zaidi Kiguunda aliyeangukia pombe. Huyo tunamfahamu, anakaa parseli ya pili.

Nairobi waliirudisha jukwaani 2022. Ningependa kuiona Likasi, kwa Kiswahili chetu kile cha kundi la Mufwankolo, na ukutani watundike kontra ya miezi mitatu. Kitabu ninacho hapa Mwadingusha. Anayekitaka aniandikie, lakini akirudishe.