Usalama, Uhakika na Utoshelevu: Uhakiki wa Istilahi za Chakula na Soko

Taarifa za bei za mazao na za upungufu wa chakula zimekuwa sehemu ya kazi ya kawaida ya mfasiri wa ofisi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mfumo wake wa tahadhari katika miaka ya 1970. Marekani nayo ikaunda mtandao wake mwaka 1985, baada ya njaa ya Ethiopia na Sudan. Aghalabu taarifa hizo huandikwa kwa lugha za kigeni, kisha huteremshwa kwa Kiswahili hadi kwa maofisa wa wilaya na mabwana shamba. Makala hii inakusudia kuhakiki istilahi chache zitumikazo humo, hususan zile ambazo, kwa maoni yetu, humpotosha msomaji.

Istilahi iliyoenea kuliko zote ni "usalama wa chakula", nayo imetwishwa mizigo miwili. Katika Wizara ya Kilimo ya Tanzania maana yake ni wananchi kuwa na chakula cha kutosha. Katika Shirika la Viwango, lililokabidhiwa udhibiti wa chakula mwaka 2019, maana yake ni chakula kisicho na sumu wala vijidudu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ghala lililojaa mahindi ya namna hiyo lina usalama kwa maana ya kwanza, na ni hatari tupu kwa maana ya pili. Je, afisa asomaye barua yenye neno hilo ashike maana ipi? Mkutano Mkuu wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulitaka watu wote, wakati wote, waweze kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Mfasiri anayeshikilia "usalama" hana budi kuandika kwamba usalama wa chakula ni kupata chakula salama, na hapo amezunguka na kurudi alikotoka.

Twaona yafaa kuandika "uhakika wa chakula" kwa dhana hii, na kuuacha "usalama" kwa wakaguzi wa sumu na vijidudu. Wapo wanaopinga, wakidai kwamba uhakika ni jambo la kujua, si la kula. Hoja hiyo haina uzito. Mkulima husema mvua za uhakika na kibarua hutafuta kazi ya uhakika, na hakuna anayedhani kwamba wanazungumzia elimu.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya uhakika na utoshelevu. Kiwango cha utoshelevu hupatikana kwa kulinganisha mazao yote ya nchi na mahitaji ya watu wake wote. Nchini Tanzania kiwango kilichotangazwa miaka ya karibuni kimevuka asilimia 100 mara nyingi. Hesabu hiyo ni halali, lakini haisemi lolote juu ya mtu asiye na shamba wala fedha. Amartya Sen alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1981 kuhusu njaa ya Bengal ya 1943: kwa hesabu yake, chakula kilichokuwako mwaka huo kilizidi kile cha 1941, mwaka usiokuwa na njaa. Waliokufa walikuwa hasa vibarua wa mashambani, wavuvi na watu wa kazi ndogondogo, ambao ujira wao haukuweza kuufikia mchele sokoni. Ndiyo sababu bei hufuatiliwa. Mfasiri aandikaye "nchi ina uhakika wa chakula" pale ambapo ripoti imesema "nchi imejitosheleza" amewafuta watu hao katika karatasi.

Tuje kwenye mfumo wa kuainisha uhakika wa chakula, ulioanzia Somalia mwaka 2004, wenye ngazi tano. Wapo wafasiri wanaoziita "awamu". Awamu hufuatana na kupita, kama awamu za serikali, ilhali wilaya yaweza kupanda ngazi mbili na kushuka moja katika msimu mmoja. "Daraja" lingefaa zaidi. Daraja la tatu huitwa "mgogoro", neno ambalo kwa wengi wetu huashiria watu wanaogombana, kama mgogoro wa ardhi. Tungependelea "dhiki". Daraja la tano ndilo "baa la njaa", nalo lina vipimo: angalau kaya 20 katika kila 100 zimekosa chakula kabisa, watoto 30 katika kila 100 wana utapiamlo mkali, na kila siku njaa huua watu wawili kwa kila 10,000. Vipimo hivyo ndivyo vilivyotumika tarehe 20 Julai 2011, Umoja wa Mataifa ulipotangaza njaa katika Bakool na Shabelle ya Chini. Magazeti yanayoita kila upungufu wa unga "baa la njaa" yanalimaliza neno kabla ya siku yake.

Kadhalika "mfumuko wa bei" ni kupanda kwa bei kwa ujumla. Mahindi yakipanda peke yake katika miezi ya kungoja mavuno, bei imepanda, basi.

Limebaki gunia. Kwa hesabu ya Kenya gunia la mahindi ni kilo 90. Kwa Tanzania ni kilo 100. Bei mbili zikiandikwa sambamba kwa gunia, mpaka wa Namanga waonekana kuwa na tofauti ya bei isiyokuwako, au huficha iliyopo. Kwa hiyo jedwali liandikwe kwa kilo. Lumbesa nayo, gunia lile lililoshonewa kilemba, haina uzito uliowekwa na sheria. Mfasiri akiikuta katika taarifa ya soko asiigeuze kuwa gunia, bali aiache iitwe lumbesa, na pembeni aandike uzito kama ulipimwa.