Neno "Usonji" na Mtu Mzima

Neno usonji limekwisha kukubalika katika magazeti na hospitali za Tanzania, wala sina nia ya kulipinga. Ninachohakiki ni sentensi linamowekwa. Mara nyingi hutanguliwa na neno mtoto, tena hufuatana na kitenzi cha maradhi: mtoto "amepatwa na usonji", mtoto "anaugua usonji". Leo Kanner alipoandika juu ya hali hii huko Baltimore mwaka 1943 aliwaeleza watoto 11, na watoto hao walikua. Wa kwanza katika orodha yake, Donald Triplett, alifanya kazi benki, akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Lugha ya magazeti yetu haikukua pamoja naye.

Haya si mabishano ya maneno matupu. Mtu wa miaka 45 atambuaye kwamba huenda akili yake haiendi kama za wenzake, na kwamba kelele za soko zilizomchosha maisha yake yote hazikuwachosha wengine, atajieleza kwa sentensi ipi? Hakupatwa na kitu. Kiambishi -me- katika "amepatwa" chadai kwamba palikuwa na siku kabla ya kupatwa, na siku hiyo yeye haijui. Usemi wa zamani nao ulikuwa na kasoro iyo hiyo: wazimu ni neno la shina moja na mzimu, na mwenye nao alihesabiwa kuwa ameingiliwa na kitu cha nje. Daktari ameuondoa mzimu, akakiacha kitenzi chake.

Tumfikirie mrina asali wa Ugalla, upande wa Mpanda. Kazi yampeleka kambini katika msitu wa miombo kwa majuma, akiangalia mizinga ya magome iliyotundikwa mitini. Ikiwa ni mtu asiyependa maongezi, aujuaye kila mti wenye mzinga wake, na achukiaye mpango wa siku ukivurugwa, jirani hatatafuta jina la ugonjwa. Atasema tu, "ndivyo alivyo". (Sisemi kwamba pori ni dawa: huyo huyo akipanda treni kwenda Tabora atapata taabu yake stesheni.)

Usemi huo wastahili kuangaliwa. Ile -li- ya "alivyo" si ya wakati uliopita; ni kitenzi cha kuwa, nacho hapa hakina wakati. Hakisemi hali ilianza lini wala itakoma lini. Ubaya wake ni kwamba hufunga mazungumzo, kwani asemaye hivyo mara nyingi hataki kujua zaidi. Usonji una faida ya kuwa jina, ambalo mtu aweza kwenda nalo kwa daktari au kwa mwajiri wake. Kwa hiyo napendelea "ana usonji", bila -me- na bila kuugua, kama tusemavyo "ana upole"; kiambishi u- hakikuumbwa kwa ajili ya maradhi peke yake. Watunga kamusi nao wangefanya vema kutoa walau mfano mmoja ambamo mwenye usonji ana mvi.