Kuta za Mwezi wa Saba

Mtu wa Pwani akisikia Dodoma anawaza jua na vumbi. Huyo hajalala Chamwino mwezi wa saba. Jioni upepo unaanza kuvuma kutoka mashariki, unapita juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, hauna wa kuuzuia ila mibuyu, na mibuyu yenyewe majira hayo iko uchi. Ikifika alfajiri joto limeshuka hadi nyuzi 13 au 14. Mtu wa Makete atacheka akisikia tunaita hiyo baridi. Acheke. Sisi tunalala na soksi.

Mimi napanga Dodoma mjini, nyumba ya matofali ya saruji, chini marumaru, juu dari ya jipsamu yenye taa za rangi tatu. Ni nyumba ya kupigia picha. Kipupwe kikiingia, ukiyakanyaga yale marumaru asubuhi unaruka kama umekanyaga siafu. Nimetandika kapeti, nimebadilisha mapazia, nimenunua lile blanketi zito la maua makubwa ambalo siku hizi hakuna bibi harusi asiyezawadiwa, na bado kuta zinanipulizia baridi usiku kucha. Kwa hiyo kila mwaka, bibi akishamaliza kuvuna uwele wake, naomba ruhusa ya siku nne tano, napanda gari la barabara ya Morogoro, kilomita kama 30, kwenda Chamwino kumsaidia kusiriba nyumba yake.

Nyumba yenyewe ni tembe. Tembe haina paa la mgongo. Juu ni bapa: magogo mazito, juu yake matawi, kisha nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa mpaka mtu anaweza kupanda kuanika mtama. Kuta ni miti iliyosimamishwa karibu karibu, ikajazwa tope ndani na nje. Ni nyumba fupi. Usipoinama mlangoni, unakumbushwa. Zamani tembe zilizunguka ua pande zote na ng'ombe wakalala katikati. Misafara iliyokata Ugogo, nchi yetu Wagogo, kwenda Ziwa Tanganyika ilizikuta hivyo. Mpelelezi Burton alipita mwaka 1857, mwenzake Stanley akapita Mvumi mwaka 1871 akinung'unikia hongo aliyotozwa, na wote wawili wamelibeba neno tembe katika vitabu vyao.

Leo Chamwino tembe ni za kuhesabu. Vijiji vya ujamaa vilianza kuzipunguza. Wakati wa Operesheni Dodoma ya kuhamishia watu katika vijiji hivyo, mwaka 1971, Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja hapa akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, na tangu hapo tofali likawa ndiyo heshima. Sasa tuna Ikulu mpya iliyozinduliwa Mei 2023, na barabarani fundi wa bati hakosi kazi. Silaumu. Aliyewahi kuamka usiku wa masika akakinga sufuria chini ya paa la udongo linalovuja hawezi kumkataza jirani kununua bati. Ila bati halijui kutunza joto. Ukuta wa tembe, kwa unene wake, unakaa juani kutwa ukinywa joto polepole, na usiku, wewe ukiwa ndani na mlango umefungwa, unalitema polepole vilevile.

Sharti moja: usiwe na ufa. Ufa ndio mlango wa upepo, na baada ya upepo wa panya, na baada ya panya wa nyoka anayemfuata panya. Ndiyo sababu ya kusiriba. Watu wanadhani ni urembo. Urembo unakuja baadaye, kama chumvi.

Udongo hauchukuliwi popote. Bibi anautaka wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wameshauchekecha kwa niaba yetu. Hauna kokoto, na ukiufinyanga unashikana. Unapondwa, unalowekwa kutwa nzima katika shimo uani, unakanyagwa kwa miguu. Kisha inaingia samadi mbichi ya ng'ombe. Mgeni hukunja pua hapo, lakini samadi ni nyasi zilizokwisha kusagwa vizuri, na nyuzi zake ndizo zinazouzuia udongo kupasuka unapokauka. Harufu inaondoka kwa siku mbili. Mwisho majivu ya jikoni yaliyochujwa kwa kitambaa.

Kiasi? Hapo ndipo kazi yote ilipo, na hapo ndipo nilipoumbuka mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nimepewa kipande cha ukuta wa nyuma, pale ambapo wageni hawafiki. Tope niliona zito, linanichosha mkono, nikaongeza maji. Likawa laini, likateleza vizuri, nikamaliza kabla ya wanawake wote, nikakaa kivulini na majigambo yangu. Kesho yake asubuhi ukuta ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mchungaji. Bibi hakusema kitu. Alichukua kipande cha jembe bovu akaukwangua wote, kuanzia juu mpaka chini, mbele ya majirani.

Tangu siku hiyo nilianza kuutazama mkono wake. Anachukua tope la kujaza kiganja, anaangalia kwanza: likimeremeta lina maji mno, likifa rangi limekauka. Anataka lile la katikati, linalong'aa kidogo kisha linafifia ukihesabu mpaka tatu. Analibandika ukutani na kulisukuma kwa kisigino cha kiganja ili liingie ufani, halafu ndipo anapotandaza kwa vidole vyote, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mkunjo kama wa upinde. Kabla halijakauka sawasawa anarudi na jiwe laini la mtoni, dogo kama yai la kanga, anasugua. Mikunjo ya vidole haifuti yote. Ukisimama mbali jua likiwa limelala, ukuta mzima unaonekana kama maji yaliyopigwa na upepo.

Chini, kwa kimo cha goti, anazungusha mkanda wa udongo mwekundu wa korongoni. Niliwahi kumuuliza maana yake nikitegemea hadithi ya mababu.

"Maana yake kuku," akasema. "Kuku wanachafua chini. Kwenye wekundu haionekani, mume wangu."

Mume wake ni mimi, mjukuu. Ndivyo bibi zetu wanavyotuita, na ndivyo wanavyotutania tunapofanya kazi ambayo kwa desturi si yetu. Miti hukata na kusimamisha wanaume. Kusiriba ni kwa wanawake. Majirani wakipita wanasimama makusudi: "Mbukwenyi!" Tunaitikia. Halafu mmoja atauliza kama bibi ameoa. Nimezoea.

Ndani anapamba kwa vitu vyenye kazi. Vibuyu vya maziwa vimetundikwa kwa ukubwa wake, vyeusi kwa moshi na mafuta, vikimulikwa na mwanga unaopenya mlangoni. Ungo. Ngoma ya muheme aliyokuwa akiipiga ujanani, ambayo ngozi yake imelegea na yeye haruhusu mtu kuigusa. Kwenye simu naona watu wa Dar es Salaam wakilipa fedha nyingi wapakwe ukuta "rangi za udongo". Nilimwonyesha picha moja. Aliitazama kwa muda, akauliza kama mwenye nyumba amefiwa, mbona hajatundika kitu.

Mikono ikishaoshwa, jua linapozama na ule upepo unapoanza, ndipo inakuja sehemu ya siku ninayoifuata kwa kweli. Mjini baridi ikipiga tunakimbilia chipsi, supu ya mafuta, nyama choma, kisha usiku tunageuka geuka kitandani tumbo likiwa kama limebeba tofali. Bibi anapika mlenda.

Huu si mlenda mbichi. Mvua za Januari na Februari zinapootesha mlenda pembeni ya mashamba, unachumwa, unakaushwa, unatwangwa ukawa unga wa kijani kibichi kilichofifia. Kigogo tunauita ilende. Anautunza kwenye kibuyu chenye kizibo cha gunzi. Katika nchi ambayo mvua inaanza Desemba na kukoma Aprili, mboga ya mwezi wa saba lazima uwe umeifikiria mwezi wa pili.

Maji yanachemka, anatia magadi, kidogo tu, kiasi cha ncha ya vidole viwili. Magadi ndiyo yanayoufungua mlenda. Yakizidi unaonja sabuni. Kisha ananyunyiza ule unga kwa mkono mmoja na mwingine unapekecha, upekecho ukizunguka kati ya viganja upesi upesi. Karanga zilizotwangwa zinafuata, na nyanya kama ipo. Anainua upekecho, anatazama unavyodondosha. Utepe mnene unaoning'inia kisha unakatika wenyewe: tayari. Niliwahi kuliona jicho lile mahali. Ni lilelile la asubuhi, la kuangalia kama tope linang'aa au limefifia.

Ugali ni wa uwele, wa rangi ya kijivu, una harufu ya shamba lililovunwa. Unakata tonge, unalibonyeza kwa dole gumba, unachota, unazungusha mkono kukata utepe usikuchafue kidevu. Rafiki yangu mmoja wa Tanga aliugusa mara moja akaurudisha mkono kama ameguswa yeye. Hasara yake. Mlenda wa moto kwenye baridi hauhitaji kutafunwa, unajipeleka wenyewe, unapasha kifua ukishuka, na baada ya saa moja unajikuta umeshiba bila kulemewa. Baadaye kidogo kinakuja kikombe cha uji wa uwele uliotiwa ubuyu, uchachu wake ukikata utelezi uliobaki kooni.

Tukishakula tunakaa tumeegemeza migongo ukutani. Upande wa ndani, uliosiribwa juzi, umeshakauka, na ukiuwekea kiganja unakuta vuguvugu la jua la mchana. Upepo unasikika nje ukihangaika na bati la jirani. Bibi anapenda kuzungumza wakati huo, mara nyingi juu ya nani ameuza shamba kwa mtu wa mjini na kwa bei gani, na mimi hulala kabla hajamaliza.

Usiku wa mwisho mwaka huu niliinuka nikusanye vyombo. Niliosha sahani, sufuria na upekecho kwenye beseni, nikaelekea mlangoni niyamwage maji.

"Wee! Unayapeleka wapi hayo?"

Akanielekeza kwa kidole gizani, kwenye lile shimo la udongo uani, udongo ambao ukuta wa magharibi ulikuwa bado unausubiri. Nikayamimina humo, maji yenye utelezi wa mlenda, na yeye akatoka na fimbo yake akasimama pembeni kuhakikisha siyazidishi.