Kuhesabu Chembe Ndani ya Jicho

Mama huyu ni mkulima wa kabichi kutoka Gare. Ameshuka milima ya Usambara hadi Mombo, akapanda basi la Moshi, njia nzima jicho la kushoto akilifunika kwa upindo wa khanga kwa sababu mwanga unamchoma. Kwao alipewa dawa ya matone ya macho mekundu. Jicho likatulia kidogo, kisha likarudi vilevile. Sasa ameketi katika idara ya macho ya KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, mbele ya daktari anayeweza kuwa mwanawe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Weka kidevu hapa. Paji la uso liguse mkanda. Sasa tazama sikio langu.”

Kabla ya kushika mashine, daktari anatazama kwa macho matupu. Wekundu haukuenea jicho zima, umejikusanya kuzunguka ukingo wa konea. Tongotongo hakuna. Mboni ni ndogo kuliko ya kulia, tena si duara kamili. Nadhani amekwisha kushuku, ila hasemi neno.

Anazima taa ya chumba. Kifaa chake ni darubini yenye taa ya mwanga mwembamba, ambayo asili yake ni taa aliyoionyesha Msweden Allvar Gullstrand mwaka 1911, na kazi yake inataka giza. Kwa kidole gumba anazungusha kitufe hadi mwale unabaki milimita 1 kwa milimita 1. Anauingiza kwa mshazari kupitia konea, upite kwenye maji yaliyo mbele ya lenzi, weusi wa mboni ukiwa nyuma yake. Katika jicho lenye afya mwale huonekana kwenye konea, hupotea majini, kisha huonekana tena kwenye lenzi. Hapa haupotei. Kuna ukungu, na ndani ya ukungu nukta nyeupe zinaelea kama vumbi katika mwale wa jua uliopenya tundu la bati. Zilizo karibu na irisi, penye joto, zinapanda. Zilizo karibu na konea, inayopozwa na hewa, zinashuka, na baadhi zimenasa chini kwa nyuma yake.

Anaanza kuhesabu. Mama anapepesa, machozi yanatoka, hesabu inapotea. Anaanza upya bila kuguna. Kumi na nane. Kwa kipimo walichokubaliana wataalamu mwaka 2005, chembe 16 hadi 25 ni daraja la 2. Anaandika.

Nukta hizo ni chembe nyeupe za damu, na ukungu ni protini iliyovuja kutoka kwenye mishipa. Kwa kawaida kinga ya mwili huzuiwa isifanye fujo ndani ya jicho. Mwaka 1948 mwanasayansi Peter Medawar alionyesha kwamba ngozi ya sungura iliyopandikizwa katika chumba cha mbele cha jicho la mwenzake yaweza kudumu, ilhali kwingine mwilini hukataliwa. Utulivu huo una gharama yake: baadhi ya protini za jicho zimejificha mno, hata kinga haijazizoea vizuri. Seli T, aina mojawapo ya chembe nyeupe, iliyoamshwa kwingine, pengine na kijidudu chenye kipande kinachofanana na protini hizo, ikipenya humo huzichukulia kuwa adui. Humwaga kemikali, mishipa hulegea, na chembe nyingine humiminika.

Lakini kifua kikuu na kaswende navyo huleta picha hiihii, na katika nchi yetu daktari anayekimbilia kutuliza kinga kabla ya kuvitafuta anacheza na jicho la mtu. Kwa hiyo anauliza: kikohozi? Mgongo kukakamaa asubuhi? Jicho lolote lilishawahi kuchomwa na kijiti shambani? Anaagiza damu na picha ya kifua. Maswali yakiendelea, tone la kupanua mboni linafanya kazi. Akirudi kwenye darubini, mboni imefunguka upande mmoja na kung’ang’ania lenzi upande mwingine. Anaongeza tone, anangoja, anatazama. Irisi inaachia, ikibakiza alama za kahawia juu ya lenzi. Ndipo anaposhika lenzi ya mkononi na kukagua retina, pembe kwa pembe.

Vipimo havikuonyesha maambukizi. Anaandika matone ya prednisoloni, kila saa mchana kutwa.

“Likiwa jeupe niache?”

“Usiache, mama. Weupe hurudi kabla chembe hazijaisha. Tutapunguza pamoja, polepole.”

Wiki iliyofuata anazima taa, anabana mwale, anahesabu: saba. Daraja la 1. Anapima presha ya jicho, kwa kuwa dawa hiyohiyo yaweza kuipandisha, anapunguza matone yawe sita kwa siku, na kumpangia mama tarehe nyingine baada ya kuuliza kabichi zake zinavunwa lini.