Ukimtoa Mgeni, Wimbo Unabaki?

Kila kongamano la wanamuziki nililohudhuria Nairobi (mengine nililipwa niyaandikie, mengine nilifuata chakula) lina msemaji mmoja anayewaambia vijana kwamba siri ya muziki ni watu unaowajua. Vijana wanaandika kwenye simu. Saa ya chai ikifika, wanamwandama prodyusa mmoja maarufu mpaka mlango wa choo, kila mtu na flash yake mkononi. Huko ndiko kunaitwa kujenga mahusiano ya kikazi. Sisi Wakenya tuna neno fupi zaidi, kujuana, na ndilo hilo hilo tunalotumia tukilalamika kuhusu kazi za kaunti.

Mimi nadhani jibu la kweli liko kwenye nyimbo zenyewe. Kolabo ni uhusiano uliorekodiwa: ukisikiliza vizuri utajua kama hawa watu wanajuana au walitumiana tu faili. Kwa hiyo nimekuwa nikirudia Afrikan Sauce ya Sauti Sol, ule mradi wa wageni watupu ambao nyimbo zake zilitoka moja moja, nyingi mwaka 2018. Patoranking yumo, Tiwa Savage, Burna Boy, Khaligraph Jones, Nyashinski. Kipimo changu ni cha kishamba kidogo: mtoe mgeni, halafu uone kama wimbo unasimama.

“Girl Next Door” unasimama. Tiwa Savage anaimba vizuri, sina ubishi, lakini ungemtoa ukarefusha kiitikio na abiria kwenye matatu asingeinua kichwa. “Afrikan Star” vivyo hivyo. Kwa sikio langu Burna Boy yuko kwake na Sauti Sol wako kwao, na ua katikati. Hizi zilikuwa pasipoti. Msanii wa Nairobi anayetaka kusikika Lagos anahitaji jina la Lagos ubavuni, na hakuna aibu hapo, biashara ni biashara. “Melanin” ndiyo inanisumbua, kwa sababu Sauti Sol wakiachwa peke yao huzidisha sukari, na ile sauti ya Patoranking ya kukwaruza ndiyo chumvi. Yeye simtoi.

Halafu kuna “Tujiangalie.” Ukimtoa Nyashinski hapo, umeua wimbo. Nyimbo za kulaumu wanasiasa kila mtu anazo. Huu unamgeuzia mwananchi kidole, na vijana wanne wenye sauti tamu wakifanya hivyo peke yao wangesikika kama kwaya inayohubiri. Nyashinski anaingia na mistari karibu na maongezi, kama jamaa wa mtaani ambaye amekaa nje ya nchi miaka mingi akarudi akakuta mambo ni yale yale. Ambalo ndilo lililompata: baada ya Kleptomaniax alienda Marekani, akanyamaza miaka, akarudi 2016 na “Now You Know.” Sauti Sol walikuwa bado vijana wakati Kleptomaniax wakitawala redio zetu. Nikisikiliza “Tujiangalie” nasikia watu waliomsikiliza mgeni wao muda mrefu kabla ya kumwalika, na wakamwachia nafasi. Huwezi kuyapata hayo saa ya chai.

Tena tukumbuke Sauti Sol wenyewe walitoka wapi. Bien, Chimano na Savara walikuwa wakiimba pamoja tangu Upper Hill School. Polycarp na gitaa lake walikutana naye Alliance Française, 2005. Uhusiano uliowabeba miaka kumi na minane ulikuwa na mwenzao wa rika, asiye na jina kama wao. Kwenye makongamano sijawahi kusikia mtu akiwaambia vijana wamtazame aliyeketi kiti cha pili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hadi leo kazi nyingi za kuandika naletewa na wale tuliokuwa tukigawana noti za darasani na mandazi. Wahariri wakubwa niliowasalimia kwenye hafla hata jina langu hawalikumbuki.

Lakini urafiki una upande wake mbaya, na hapa wasanii wetu wanaumia. Namfahamu mpiga gitaa mmoja ambaye vidole vyake ndivyo vinavyofungua wimbo ambao pengine uliwahi kuwa Skiza yako. Alipewa elfu tatu na chakula cha mchana. Jina lake halipo popote. Nilipomuuliza mbona hakudai asilimia, aliniambia, “Yule ni beshte yangu, bro. Ningemwambia nini?” Kwake, kutaja karatasi ni kama kumwambia rafiki kwamba ni mwizi. Na ukiitaja kweli, utaulizwa: kwani huniamini?

Namwamini, ndiyo maana tuandike sasa. Nani alitunga maneno, nani sauti, nani biti, nani anachukua ngapi kwa mia, sahihi, tarehe, kila mtu apige picha kwa simu yake. Ni dakika kumi kabla wimbo haujawa na pesa, maana ukishakuwa na pesa kumbukumbu za watu hubadilika. “Malaika” imeimbwa na Miriam Makeba, imeimbwa na Boney M, na mpaka leo watu wazima wanagombana kama ni ya Fadhili William au ya Adam Salim.

Ndiyo maana “Extravaganza” ya 2019 huwa naisikiliza kwa masikio mawili. Sikio moja linafurahi: Bensoul, Nviiri, Crystal Asige, Kaskazini, wote chumba kimoja na Sauti Sol, na kelele za watu waliozoeana. Sikio la pili linakumbuka kwamba Sol Generation ni lebo, na wenye lebo ni hao hao marafiki wakubwa. Kaka anayekushika mkono anapokuwa pia mwajiri wako, unamuuliza vipi kuhusu hesabu? Sherehe ya wimbo inaruka swali hilo, na sherehe ina haki ya kuruka. Msanii mchanga anayeingia lebo yoyote hana haki hiyo.

Sauti Sol waliagana na mashabiki Novemba 2023, na mwezi huo huo Bien akatoa Alusa Why Are You Topless? peke yake. Ni albamu ya mtu anayejua kazi yake. Lakini kuna viitikio ambavyo bado nakaa nikisubiri wale wengine waingie chini yake, na mpaka wimbo unaisha hawajaingia.