Sahani Ndefu na Mkono wa Msikilizaji

Kila sanaa ina chombo chake, na kila chombo kina mpaka wake. Shairi lina mizani, picha ina fremu, na wimbo uliotiwa katika sahani ya santuri una urefu wa mfuo ambamo sindano hupita. Sahani za kale zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilizotengenezwa kwa lakiri, yaani utomvu utolewao na wadudu, ziliweza kuchukua dakika tatu au nne tu kila upande. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay katika mwaka 1928 alifungwa na mpaka huo, kama walivyofungwa waimbaji wote wa dunia wakati ule: wimbo mrefu ama ulifupishwa, ama ulikatwa vipande viwili. Katika mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ya vinili, ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ambayo upande wake mmoja ulichukua zaidi ya dakika 20. Mpaka ulisogezwa, lakini kwa muda wa miaka mingi waimbaji wa nyimbo zipendwazo na vijana hawakujua la kufanya na uwanja mpya waliopewa. Waliujaza nyimbo fupi fupi, kama mtu aliyehamia nyumba kubwa akaishi katika chumba kimoja.

Insha hii yahusu sahani ndefu zilizotoka Uingereza na Marekani kati ya mwaka 1967 na 1969, wakati nyumba hiyo ilipopata wenyewe. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya sauti zake, na mengi zaidi juu ya bei zake. Nataka kusema neno moja ambalo nadhani limepuuzwa: kwamba sahani bora za miaka ile hazikutungwa kwa ajili ya sikio peke yake. Zilitungwa kwa ajili ya sikio na mkono. Zamtaka msikilizaji afungue, asome, akate, amenye, ageuze na ainue. Tena nataka kuonyesha kwamba sisi wakusanyaji, tunaojiita walinzi wa sahani hizo, tumeweka kipimo cha thamani kipingacho sahani zenyewe. Kwani bei kubwa aghalabu twailipa kwa nakala ambayo mkono haukuigusa.

Tuanze na mfano ujulikanao na wengi. Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles ilitoka katika mwaka 1967. Jalada lake, kazi ya Peter Blake na Jann Haworth, hufunguka kama kitabu. Nyuma yake yamechapwa maneno ya nyimbo zote, jambo ambalo lilikuwa geni katika sahani za namna hiyo, na ndani yake mlitiwa karatasi ngumu yenye masharubu na beji za kukatwa kwa mkasi. Nyimbo zafuatana karibu bila kimya baina yake, hata msikilizaji aone kwamba amealikwa katika kikao kimoja, wala hakuletewa kapu la vitu mbalimbali. Mwishoni mwa upande wa pili, baada ya sauti ndefu ya piano kufifia, watengenezaji wa chapa ya Uingereza walitia fujo fupi ya maneno katika mfuo wa mwisho kabisa, ule uzungukao bila kufika popote. Katika mashine ijiinuayo yenyewe, fujo hiyo hupita kama kufumba na kufumbua. Katika mashine isiyojiinua, hurudiwa na kurudiwa mpaka msikilizaji asimame aiondoe sindano. Basi kazi hii haina mwisho wake yenyewe. Mwisho wake ni mkono wa msikilizaji. Chapa ya Marekani ya wakati ule iliacha fujo hiyo, na pamoja nayo iliacha fikira hiyo.

Mwaka uliofuata Beatles walitoa sahani mbili katika jalada jeupe tupu lililobuniwa na Richard Hamilton. Jina la kundi lilichapwa kwa herufi zilizoinuliwa bila wino, ambazo kidole huzitambua kabla ya jicho, na kila nakala ilipigwa nambari yake. Hamilton alikusudia kejeli: wachoraji hutia nambari katika picha zao zilizochapwa kwa uchache, naye akatia nambari juu ya kitu kitakachochapwa kwa mamilioni. Ni mzaha mwema juu ya uhaba. Lakini katika mwaka 2015 nakala yenye nambari 0000001, iliyokuwa mali ya Ringo Starr, iliuzwa mnadani kwa dola 790,000. Mzaha wa msanii umepokewa na soko kama hati ya thamani.

Mfano wa tatu ni mkali zaidi. Sahani ya kwanza ya Velvet Underground, waliyoimba pamoja na Nico, ilitoka katika mwaka 1967 ikiwa na jalada la Andy Warhol. Juu yake pana ndizi ya njano, na kando yake maneno machache yamwamuruyo mtazamaji aimenye polepole ili aone. Ganda lilikuwa kibandiko. Lilipobanduliwa, ndizi ya rangi ya waridi ilitokea chini yake. Jalada hilo, basi, halikukamilika lilipotoka kiwandani. Lilingoja kukamilishwa nyumbani. Leo nakala ambayo ndizi yake haijamenywa huthaminiwa kuliko ile iliyomenywa. Amri iliandikwa wazi, na mwenye kuitii ndiye aliyeadhibiwa.

Hapana budi niwatendee haki wakusanyaji, kwa kuwa nami ni mmoja wao, na kwa kuwa mashtaka yasiyosikiliza utetezi ni dhuluma. Katika mwaka 2002 mkusanyaji mmoja alinunua New York, kwa senti 75, sahani ya majaribio isiyokuwa na jalada. Ilionekana baadaye kwamba ilichukua kazi ya awali ya Velvet Underground ya mwaka 1966, ambayo katika baadhi ya nyimbo yahitilafiana na ile iliyotolewa madukani. Asingetokea mtu mwenye jicho la kuchungua vitu vilivyodharauliwa, yamkini ushahidi huo ungalitupwa jaani.

Hali kadhalika jambo la mono na sterio. Beatles na George Martin, msimamizi wao wa kurekodi, waliutazama mchanganyo wa mono wa Sgt. Pepper's kuwa ndio kazi yenyewe. Ule wa sterio ulifanywa baadaye kwa haraka zaidi. Tofauti si ndogo: wimbo uitwao She's Leaving Home huenda mbio zaidi katika mono, na sauti yake ni ya juu zaidi. Lakini makampuni yaliiacha mono mwishoni mwa miaka ile, na kwa muda mrefu kilichopatikana kwa wepesi kilikuwa sterio tu. Mono ilipotolewa upya katika mwaka 2009, wasikilizaji wengi waliisikia kwa mara ya kwanza kazi ambayo wakusanyaji hawakuacha kuitetea. Kazi yao hapa ni ile ile ya mwanachuoni alinganishaye nakala za utenzi ili ajue beti zipi zimebadilishwa na mkono wa nani.

Kwa hiyo sishutumu kukusanya. Natofautisha maarifa mawili yaishiyo katika mtu mmoja. Maarifa ya kwanza hulinganisha nakala ili sikio lisikie zaidi. Maarifa ya pili hulinganisha nakala ili mfuko upate zaidi. Ya kwanza hurudi kwenye kazi. Ya pili huondoka kwenye kazi na hayarudi. Hatari ni kwamba yote mawili hutumia maneno mamoja: chapa ya kwanza, usafi, uhaba. Mtu aweza kuvuka kutoka upande huu hadi ule asijue kwamba amevuka.

Mimi nilivuka. Nina nakala mbili za Hot Buttered Soul ya Isaac Hayes, iliyotoka katika mwaka 1969. Ni kazi inayostahili kuchunguzwa na kila asomaye habari za fasihi simulizi. Sahani nzima ina nyimbo nne tu. Wa mwisho, By the Time I Get to Phoenix, ulitungwa na Jimmy Webb, nao ulikuwa wimbo mfupi wa mtu anayesafiri akimwacha mpenzi wake. Hayes ameufanya wa dakika 18 na zaidi. Juu ya sauti moja ya kinanda isiyobadilika, na mgongo mwepesi wa matuazi, asimulia kwa maneno ya kawaida kisa cha kijana aliyesalitiwa, aliyeondoka na kurudi, akaondoka na kurudi, kabla ya kuondoka kabisa. Dakika nane na zaidi zapita kabla ya kuimba. Msikilizaji asiye na subira hudhani kwamba utangulizi umezidi wimbo. Mwenye subira hutambua kwamba wimbo wa Webb watupa safari, na Hayes ametupa sababu ya safari. Bila ya uzito wa kungoja, kuondoka kungekuwa kwepesi mno. Kazi hiyo ilipotolewa katika sahani ndogo ilipunguzwa sana, na kilichopunguzwa ndicho kilichokuwa na maana.

Nakala yangu ya kwanza niliinunua ikiwa bado imefungwa katika nailoni ya dukani. Niliiweka miaka tisa bila ya kuifungua, nikiwaonyesha wageni jalada lake kama mtu aonyeshaye mlango wa nyumba ambayo hajapata kuingia. Siku nilipoikata nailoni, nilikuta sahani imepinda. Nailoni ya namna ile hukaza kadiri miaka ipitavyo, na mkazo wake huikunja sahani iliyomo. Kile nilichokihifadhi kwa ajili ya bei ndicho kilichoiharibu sauti.

Nakala ya pili niliipata kwa fedha kidogo kwa mwuzaji aliyeidharau. Mwenyewe wa kwanza aliandika jina lake kwa wino kando ya picha ya kichwa cha Hayes, na nyuma, mbele ya jina la wimbo wa mwisho, alitia alama ndogo ya kalamu na nambari 8. Nilitazama alama hiyo siku nyingi kabla ya kuifahamu: ni dakika ambayo baada yake kuimba huanza. Mtu nisiyemjua aliketi akahesabu, akawaachia watakaokuja habari kwamba wavumilie. Sahani hiyo ina mikwaruzo, na mahali pamoja sindano huruka. Ndiyo niisikilizayo.

Wasomaji wa miswada yetu ya kale hawalioni jambo hili kuwa geni. Mnakili aliandika jina lake mwishoni, aliyerithi akaongeza lake, na pembe za karatasi zikawa nyeusi kwa vidole vya waliosoma. Mtaalamu hasemi kwamba alama hizo zimeupunguzia mswada thamani. Asema kwamba zamwonyesha mswada uliishi na nani. Sahani ndefu za miaka ile nazo zaomba kusomwa hivyo. Zilitengenezwa na watu walioacha nafasi kwa makusudi: karatasi isiyokatwa, ndizi isiyomenywa, mfuo usio na mwisho. Aziachaye zote kama zilivyotoka kiwandani amehifadhi swali, na jawabu lake hajalitoa.

Nakala yangu iliyopinda ingali rafuni, ndani ya nailoni yake iliyokatwa. Sikuiuza, kwa kuwa sasa haina bei; wala sikuitupa, kwa kuwa kila niionapo hunikumbusha kuishusha ile nyingine na kuipiga.