Mfanyakazi Asiyegoma: Kilimo cha Mlimani katika Matoleo ya Civilization kwa Mtazamo wa Matombo

Mfululizo wa michezo ya mikakati wa Civilization, ulioanza mwaka 1991 chini ya Sid Meier, umezoeleka kulinganishwa kwa vigezo vya vita na ramani: ramani ya miraba hadi toleo la nne, ya pembesita kuanzia la tano. Uhakiki huu unakitumia kigezo kingine, yaani namna kila toleo linavyoshughulikia mtu anayelima. Kigezo hicho kinatokana na historia ya Matombo, mashariki mwa Milima ya Uluguru, ambako amri ya kulima kwa namna fulani iliwahi kukataliwa hadharani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye ramani ya ofisini hoja hiyo haikuwa na kasoro. Mlimani, udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Uchimbaji ulilifukia na kuleta juu udongo mfu, na mavuno yakapungua. Aidha, ardhi ya Waluguru ilimilikiwa na koo za upande wa mama, na wengi walilima mashamba ya kuazimwa. Aliyeazima hakuwa na sababu ya kutoa jasho kwa ajili ya tuta la kudumu. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukaachwa.

Katika Civilization, tuta la ngazi limo. Toleo la tano (2010) na la sita (2016) yamewapa Wainka shamba la matuta linalojengwa vilimani, na chakula chake huongezeka kwa kila mlima unaopakana nalo. Kwa Wainka, ambao matuta yao ni urithi wa vizazi vingi, kanuni hiyo ina mantiki. Hata hivyo, inachukulia kwamba tuta ni faida tupu: haliulizi udongo ni wa aina gani wala shamba ni la nani. Ian Bogost, katika kitabu chake cha mwaka 2007, ameonesha kwamba kanuni za mchezo hujenga hoja kama maneno yanavyojenga. Hoja ya kanuni hii ingempendeza sana bwana shamba wa mwaka 1950.

Tofauti kubwa zaidi iko kwa mtendakazi mwenyewe. Katika toleo la kwanza, mlowezi ndiye aliyelima na kujenga barabara. Toleo la tatu (2001) lilimtenga mfanyakazi na mlowezi, naye akadumu hadi la tano akitii kila amri kwa karne zote. Toleo la sita likaleta mjenzi mwenye idadi maalumu ya kazi, tatu kwa kawaida, ambaye zikiisha hutoweka. Toleo la saba (2025) limemwondoa kabisa. Mji unapokua mchezaji huchagua eneo, na shamba hutokea lenyewe.

Wapo watakaoliona badiliko hilo la mwisho kuwa maendeleo, kwa kuwa linafuta sura ya mtu anayeswagwa huku na huko. Hoja hiyo haitoshelezi. Kilichofutwa ni jasho. Uamuzi umebaki kwa mchezaji. Mjenzi wa toleo la sita, pamoja na ukatili wa kutoweka kwake, walau anakumbusha kwamba nguvukazi ina kikomo. Lililo karibu zaidi na Matombo ni toleo la tatu, pengine bila kukusudia: mfanyakazi aliyetekwa kutoka taifa jingine hufanya kazi kwa nusu ya kasi. Huo ni mgomo baridi. Unahesabiwa kama upungufu wa kitendea kazi, lakini ndipo mahali pekee ambapo mchezaji hulazimika kujiuliza jembe limeshikwa na nani.

Suala la viungo ni dogo, ila linaelekeza kulekule. Katika toleo la sita, karafuu na mdalasini havipatikani popote kwenye ramani. Hutolewa na dola-mji la Zanzibar kwa mchezaji aliye mlezi wake. Karafuu na mdalasini hulimwa pia kwenye miteremko ya Matombo, pamoja na iliki na pilipili manga. Mchezo unaijua bandari, haulijui shamba.

Kiswahili chenyewe kimepata nafasi bora kuliko ardhi yake. Toleo la nne (2005) hufunguliwa kwa “Baba Yetu”, utunzi wa Christopher Tin ulioshinda tuzo ya Grammy mwaka 2011, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana, inayosaliwa pia na Wakatoliki wa Matombo. Wimbo ukiisha, ramani hufunguka, na mfanyakazi wa kwanza husubiri aambiwe alime wapi.